Maji ya Faru Yanakokwenda

Machi 4, Jumatatu

Mabasi yamesimamisha safari mpaka mvua zikatike. Kila mwaka yanasimama, lakini mwaka jana mama alikuwa na figo zake na mimi sikuwa na haja ya kujali. Sasa kila Jumanne na Ijumaa lazima afike hospitali ya mjini kusafishwa damu, na kati yetu na mjini kuna mlima, kivuko cha zege kinachofunikwa na maji, na tope la kumeza mtu. Tumebaki na Faru tu.

Faru ni gari la kaka. Ni refu, linavuta kwa matairi yote manne, na limepakwa rangi ya kijivu kwa brashi ya ukutani. Kiangazi linabeba mbao. Kaka amenikabidhi ufunguo leo na kuniambia, "Usimbembeleze. Huyu ukimbembeleza anadeka." Yeye kazi yake ya kiwandani haimpi nafasi ya kutupeleka. Mimi cherehani yangu inaweza kunisubiri.

Nimelala chali mchana mzima nikiwaza kile kivuko.

Machi 5, Jumanne

Tumekwenda na tumerudi salama. Kivuko hakikuwa kitu. Shida imetoka nisikoitazamia: katikati ya mlima mshale wa joto ulianza kupanda, ukapita nusu, ukakaribia pekundu. Nilizima injini, nikangoja ipoe, nikafungua kifuniko cha rejeta kwa kitambaa. Nilichungulia nikaona chuma kitupu. Nilimimina maji yetu yote ya kunywa ndipo yakaonekana.

Mama alikuwa ananitazama kupitia kioo. "Mimi napimiwa maji kwa kikombe," alisema, "huyu anapewa dumu zima. Muulize na yeye daktari wake ni nani, nimhamie."

Nilicheka, huku nikilitikisa dumu tupu. Pale hakuna nyumba wala mtandao wa simu. Mama akikosa zamu moja anavimba miguu na uso. Akikosa mbili maji yanaingia kifuani, na nesi hakumung'unya maneno aliponieleza kinachofuata.

Machi 6, Jumatano

Jana jioni nilitandika maboksi chini ya Faru, pale bandani, nione tone linaangukia wapi. Asubuhi maboksi ni makavu kama nilivyoyatandika. Nikafungua rejeta, na yenyewe imejaa pomoni. Sasa jana yalikwenda wapi, na leo yamerudije?

Kisha nikaenda kwa mama kuweka kiganja. Hii ni desturi yetu ya kila asubuhi. Kwenye mkono wake wa kushoto madaktari waliunganisha mishipa ili sindano za mashine zipate njia, na ukigusa pale unahisi mtetemo, kama paka akikoroma chini ya ngozi. Nesi alituambia: ukitetemeka, njia iko wazi, ukinyamaza, mje siku hiyohiyo, msisubiri zamu.

Paka anakoroma vizuri.

Machi 7, Alhamisi

Mvua. Nimeshona kola za sare kutwa. Pua imeziba, chakula hakina ladha.

Machi 8, Ijumaa

Mshale umepanda tena, mahali palepale. Safari hii nilikuwa na madumu ya akiba, kwa hiyo nilisimama mapema kabla roho haijanitoka. Vioo vinajaa ukungu kwa ndani, hata nikifuta kwa gazeti unarudi. Zulia la upande wa mama limelowa. Raba ya mlango wake imechakaa, mvua inaingia inavyotaka.

Tukiwa tunateremka mama alisema, "Kuna harufu tamu humu ndani. Kama mtu anachemsha sukari."

Nilivuta pumzi, sikusikia chochote. Nilimwambia labda ni biskuti za mgonjwa mwenzake zimebaki kwenye mkoba.

"Biskuti hazichemki," alisema.

Machi 9, Jumamosi

Fundi amekuja. Mtaani wanamwita Subiri, kwa sababu ndilo jibu lake la kwanza kwa kila swali. Ukimuuliza gari limepona, subiri. Ukimuuliza anakula, subiri. Alimsalimia mama, "Shikamoo mama," akavua shati, akazama chini ya boneti na akakaa humo hadi adhuhuri. Amebadilisha mpira mkubwa wa juu uliokuwa na nyufa, amekaza vibano vyote, na amejaza maji mapya ya kijani, yale yenyewe ya kupozea injini. "Ya kijani yaliyokuwemo mmeyazimua kwa haya ya bomba, yanamla kutu," alisema.

Nilimuuliza kama tumemaliza.

Kaka akamjibia. "Subiri."

Wote tumecheka. Leo nitalala.

Machi 12, Jumanne

Sikulala bure. Mshale ulitulia mlima wote tukienda. Tukirudi ukapanda.

Na mama ameshikilia ile harufu. Tangu tulipotoka nyumbani: inamchefua, ni tamu, imezidi ya juzi, nifungue dirisha. Nikifungua mvua inamlowesha. Nikifunga anasema anapaliwa. Mimi pua bado ni ukuta, lakini hata ingekuwa wazi, ni nani anayechemsha sukari ndani ya gari?

Nimekumbuka jambo ambalo daktari alituambia mwanzoni, kwamba uchafu ukizidi kwenye damu unaweza kupanda kichwani. Mgonjwa anachanganya siku, anaona watu, ananusa vitu ambavyo havipo. Tukiona hivyo tuseme mara moja.

Usukani ulikuwa unaniteleza kwa jasho. Nilikuwa nautazama mshale kwa jicho moja, na mama kwa jingine.

Machi 13, Jumatano

Rejeta imejaa. Maboksi makavu. Nitapata wazimu.

Machi 14, Alhamisi

Mwizi nimemkamata, ila hakuwa anaiba. Niliamka mapema kuliko kawaida, nikachungulia dirishani, nikamwona kaka bandani kashika birika la maji ya mvua, anammiminia Faru taratibu kama anayemnywesha mtoto dawa. Akafunga kifuniko, akapangusa mikono, akaenda zake kazini.

Nilimngoja hadi jioni. "Tangu lini unajaza maji kwenye gari?"

"Tangu ulipoanza kwenda nalo. Kwani wewe ulidhani nani?"

"Na hukuniambia!"

"Kwani birika la chai nikilijaza huwa nakuambia?"

Kweli, ndivyo tulivyolelewa. Katika nyumba hii anayeamka wa kwanza anajaza kila kilichopungua: pipa la uani, birika, taa, bakuli la chumvi. Hatangazi. Mama alitulea hivyo na hakuna aliyewahi kuhoji. Kwa hiyo mimi nimekuwa nikipima kiasi kinachopotea, na kaka amekuwa akikirudisha nyuma ya mgongo wangu, kwa wema mtupu. Isitoshe ameyazimua yale maji ya fundi mpaka yamebaki na ukijani wa kuhisi tu.

Nilimwambia asimguse tena Faru. Amenuna. Mama alikuwa akisikiliza kutoka kitandani, akasema tumsifu kaka, ni mwanaume wa kwanza wa ukoo wetu kujaza kitu bila kusukumwa.

Machi 15, Ijumaa

Leo nimefanya jambo, na sijui kama nimefanya vizuri.

Njiani mama alisema harufu imepungua kidogo lakini ipo. Alisema inatokea miguuni kwake. Alisema pia nikitaka kumwona mwongo niendelee kukunja uso hivyohivyo. Nilipenga kamasi, pua bado imeziba. Tulipofika, wakati nesi anamuunganisha na mashine, nilimwendea daktari na kumweleza kila kitu: sukari inayochemka, kichefuchefu, jinsi anavyong'ang'ania. Nilidhani tungezungumza pembeni. Daktari akaja moja kwa moja kitandani na mafaili yake.

"Mama, leo ni siku gani?"

Mama alimtazama. Kisha akanitazama mimi.

"Ijumaa," alisema. "Na kesho ni Jumamosi. Unataka na ya Jumapili?"

Daktari aliuliza tena, jina la mji, umri wake, watoto wangapi. Mama akajibu yote kwa sauti ya mtu anayehesabiwa nguo za kufuliwa. Halafu daktari akanigeukia mimi, akaanza kuzungumza juu ya kichwa cha mama kama vile kitanda ni kitupu: tutaongeza muda wa mashine, tutapima damu upya, mwangalie sana, usimwache peke yake. Mimi nikawa naitikia, ndiyo daktari, sawa daktari.

Njia nzima ya kurudi mama hakusema neno. Mshale ulipopanda nilisimama nikajaza maji, na hata mzaha wa dumu haukuja. Ningetoa chochote nisikie ule mzaha.

Machi 16, Jumamosi

Fundi amekuja na pampu ya kupimia presha. Ameifunga kwenye rejeta, akapampu, tukakodolea macho mshale wake. Ukashuka, taratibu, lakini ukashuka. Kuna mahali panavuja. Tumepapasa kila mpira, kila kona ya injini, hatukupata hata unyevu.

"Kama hayatoki nje, yanaingia ndani," alisema fundi. Alipochomoa kijiti cha oili ilikuwa safi, haina ule weupe wa maziwa wa oili iliyoingiwa na maji. Moshi nao si mweupe. Akajikuna kisogo. "Inaweza kuwa gasketi, kile kizibo cha ndani ya injini, ndiyo kwanza inaanza kuvuja. Hapo hakuna ujanja, nifungue injini."

"Kwa muda gani?"

Kwa mara ya kwanza hakusema subiri. Alisema wiki, kama vipuri vipo. Wiki ni Jumanne na Ijumaa, zote mbili.

Tumekubaliana nimpeleke mama mara mbili zaidi kwa kusimamasimama na madumu, halafu Jumamosi ijayo fundi afungue. Kaka atauliza kiwandani kama lori lolote linavuka. Anajua halivuki. Mimi najua kwamba anajua.

Nilipomweleza mama alisema, "Fungueni tu. Mimi si wa kwanza kukosa." Nilitoka nje nikajifanya naanua nguo. Kamba ilikuwa tupu.

Machi 17, Jumapili

Asubuhi nilikwenda kuweka kiganja. Mama alivuta mkono akaingiza ndani ya khanga. "Nimeshagusa mwenyewe. Unatetemeka. Au na hilo tumuulize daktari?"

Nikasema haya mama.

Machi 18, Jumatatu

Vivyo hivyo. "Nimeshagusa."

Machi 19, Jumanne

Tulikwenda, tulirudi. Nilisimama mara tatu. Kuhusu harufu hakutaja kitu. Nilimuuliza, "Leo huisikii?" Akasema hasikii chochote, hana pua, hana macho, yeye ni mzigo tu, niendeshe.

Nesi alisema mashine leo ilipiga kelele mara kwa mara, damu ilikuwa inakuja kwa kusuasua. Alimuuliza mama kama ameona mabadiliko yoyote kwenye mkono. Mama akasema hapana. Nilikuwa nimesimama pale pale, na nilimwamini, kwa sababu ilikuwa rahisi kumwamini.

Machi 20, Jumatano

Jua kali tangu jana mchana. Nimefungua milango yote ya Faru apate hewa. Keshokutwa safari ya mwisho, kisha fundi anafungua.

Machi 21, Alhamisi

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali, mchana. Niandike kwa mpangilio, la sivyo nitaanza kulia mbele za watu.

Asubuhi nilikuwa nafua nguo alizovaa mama Jumanne. Gauni lake la ndani ni jeupe, nililishona mwenyewe. Pindo lake la chini lilikuwa gumu. Nikalisugua kwa vidole, likanata, kama kitambaa kilichomwagikiwa soda. Nikalipeleka kwenye mwanga: ukingo mzima una doa la kijani, hafifu sana, limejichora pale unyevu ulipokomea. Mimi nashika vitambaa tangu utoto. Maji ya mvua yakikauka hayanati, na hayachori kijani.

Nilikwenda bandani bila viatu. Hakujanyesha tangu juzi, na zulia la upande wa mama lilikuwa limelowa chapachapa. Siku zote tulikuwa tunalaumu raba ya mlango. Nikalikunja, nikapitisha mkono nyuma yake, juu, chini ya dashibodi. Kulikuwa na kisanduku cha chuma, na kwenye kona yake tone lilikuwa linaning'inia.

Fundi alifika kabla sijamaliza kueleza kwenye simu. Alilala chali kwenye sakafu ya gari, akachungulia. Kisha akaanza kujicheka mwenyewe.

"Hita! Dada, hii ni hita. Ya kumpashia dereva joto. Nani aliwahi kuwasha hita huku? Nilishasahau kwamba magari haya yanazaliwa nayo." Akanieleza kwamba hata ikiwa imezimwa, maji ya injini yanapita humo yakiwa ya moto, na kijirejeta chake kimetoboka. Yanavuja ndani ya gari, kwenye zulia, kwa hiyo chini hakuna tone. Mvuke wake ndio ukungu wa vioo. "Na yale ya kijani yakipata moto yananuka. Harufu yake tamu hivi, kama..."

"Kama mtu anachemsha sukari," nilisema.

"Enhe! Kumbe uliisikia?"

Sikuisikia. Aliyeisikia tulimuuliza leo ni siku gani.

Fundi alisema kazi ni ndogo: anachomoa ile mipira miwili inayokwenda kwenye hita, anaiunganisha yenyewe kwa yenyewe, hita inabaki nje ya mchezo. Nilimwacha akikata mpira nikaingia ndani. Mama alikuwa ameketi kitandani ameelekea ukutani.

"Mama. Harufu ilikuwa ya kweli. Ni maji ya gari, yanavuja miguuni kwako, ulivyosema."

"Najua," alisema. "Mimi ndiye niliyenusa."

"Nisamehe, mama."

Alitikisa kichwa kidogo, kama anayefukuza nzi. Mimi nilikuwa nalia, yeye hakuwa analia. Ndipo nikawaza: kama hili alilinyamazia, amenyamazia lipi tena? Nikamuuliza hivyohivyo. Kisha akautoa mkono wa kushoto ndani ya khanga, akaniwekea mapajani.

Niliweka kiganja. Nikasogeza juu, nikasogeza chini, nikabonyeza. Ulikuwa mkono tu, wa vuguvugu, laini. Hakukuwa na kitu kinachokoroma.

"Tangu lini?"

"Ulianza kufifia Jumapili. Jana asubuhi ukanyamaza." Akaongeza, bila hasira kabisa, na hilo ndilo linalonichoma: "Nilijua mtasema nahisi visivyokuwepo."

Sikumbuki vizuri jinsi tulivyoondoka. Nakumbuka fundi akifunga boneti na kupiga kofi juu yake: "Nenda! Usisubiri!" Nakumbuka kwamba mvua ilirudi tulipoukaribia mlima, na kivukoni maji yalikuwa yamepita vijiti vya alama. Nilisimama ukingoni. Nilimuuliza mama, na nilikuwa nauliza kweli, "Unaonaje?"

Aliinamia kioo chake, akatazama maji kwa makini. "Pita juu kidogo. Hapo chini maji yanazunguka, pamechimbika."

Nikapita juu. Maji yaligonga milango, gari likasukumwa pembeni, kisha matairi yakashika. Mlima wote mshale haukupanda. Mara ya kwanza mwezi huu, na hata sikupata nafasi ya kufurahi.

Sasa yuko ndani. Wanajaribu kuzibua.

Machi 22, Ijumaa

Haikuzibuka. Daktari anasema damu ilikuwa imeganda muda mrefu. Siku moja mapema ingekuwa mambo mengine. Mkono ule umekwisha kazi, wataunganisha mishipa ya mkono wa kulia, na itachukua majuma mengi kukomaa. Kwa sasa wamemwekea mrija shingoni, na leo mashine imemsafisha kupitia huo. Yu hai. Amevimba uso, amechoka, anauliza nani anapalilia mchicha wake.

Daktari alianza tena kunielezea mimi. Nilimwambia, "Samahani daktari, mwenyewe huyo hapo. Mwambie yeye." Akasita, akavuta kiti, akakaa karibu na mto. Mama alimuuliza maswali mengi sana, mengine nadhani ya kumkomoa tu.

Nimeumia moyo kuliko ninavyoweza kuandika. Siku moja mapema.

Machi 26, Jumanne

Safari bila kusimama. Vioo safi. Zulia tumelitupa.

Machi 29, Ijumaa

Mama anasema Faru anagonga nyuma kushoto. Mimi sikusikia. Nimempeleka kwa fundi. Bolti ya springi ilikuwa imelegea.

Aprili 2, Jumanne

Mvua usiku na mchana. Kivuko kilipitika. Kaka ameomba ruhusa kazini akatusindikiza, akakaa nyuma na madumu mapajani, ambayo hayana kazi tena. Nadhani alitaka tu kubeba kitu.

Aprili 9, Jumanne

Wamemfanyia upasuaji wa mkono wa kulia. Tutangoja. Namuuliza mama kila asubuhi anajisikiaje, kisha nanyamaza mpaka amalize. Si kazi rahisi. Anajua sasa kwamba namsikiliza na anatumia nafasi hiyo vibaya: leo nimesikiliza habari za goti, za jirani, na za mto wenye donge.

Aprili 19, Ijumaa

Mvua zimepungua, wanasema mabasi yatarudi wiki ijayo. Tulikuwa tunateremka mlima, barabara imekauka, mimi nafikiria sare ambazo sijazipeleka. Ghafla mama akasema, "Simamisha gari."

Nilikanyaga breki hapohapo. Nikazima injini, nikageuka. Nilitazama mrija wa shingoni, nikatazama mkono mpya, uso, miguu.

"Nini, mama? Wapi panauma?"

Alikuwa anatazama mbele, amekunja mikono mapajani, anapumua vizuri tu.

"Hakuna kitu," alisema. "Nilitaka kuona kama utasimama."